Mchoro wa Tanuri Namba Mbili

Kiwandani walimwita Mama Fyuzi, na jina likamganda. Alikuwa fundi umeme wa matanuri ya biskuti, na tanuri namba mbili, kuukuu kuliko wafanyakazi wengi, lilimtii yeye peke yake. Likigoma, biskuti zikaanza kuungulia humo ndani, wenzake walikaa pembeni wakimsubiri aje na testa yake.

Utii huo haukuja bure. Miaka tisa nyuma, uvumi wa kupunguza watu ulipoenea, alichomoa mchoro wa nyaya kwenye kabati la umeme, akaukunja na kwenda kuuficha chini ya godoro lake. Mafundi wanne waliachishwa kazi. Yeye akabaki. Alijiambia kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Mwaka huu mama yake alianguka bafuni akavunjika nyonga. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimuuguza katika mji wa mbali, alimpigia simu akasema mgongo umemwisha kwa kumwinua mgonjwa. Sasa ni zamu ya mdogo mtu. Kiwanda kilikuwa na tawi huko huko. Mama Fyuzi akaomba uhamisho.

Mkuu wa kiwanda alimpa kiti, akamsifu weee, kisha akamuuliza, "Nikikuachia uende, tanuri namba mbili nimkabidhi nani?"

Aliomba mara tatu, akajibiwa vilevile. Hata alipopewa likizo ya wiki moja, simu ilimkuta kituo cha basi, mkoba begani. Tanuri limezima. Akarudi.

Ndipo alipoona heri aibu kuliko kifungo. Mchana mmoja, watu wakiwa chakulani, aliukunjua mchoro juu ya meza ya karakana mbele ya fundi mwenzake, mzee mpole wa maneno machache, akamweleza yote. Mzee aliuchukua ule mchoro akaenda nao kwenye kabati, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Alikaa huko muda mrefu.

"Huu si mchoro wa tanuri hili," alisema aliporudi. "Umelibadilisha mno, dada. Nyaya ulizounga upya, swichi ulizohamisha, humu haimo hata moja."

Mama Fyuzi alikwenda kutazama mwenyewe. Ilikuwa kweli. Kila alipolifufua tanuri alikuwa ameunga hapa, amekata pale, bila kuandika popote. Vingine hata yeye hakukumbuka alivifanyia nini. Akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Shemeji yangu alikuwa mmoja wa wale wanne," mzee alisema.

"Najua."

Mzee akatafuta karatasi safi na penseli, akamwambia aanze na waya wa juu kushoto.

Wanachora Jumamosi tu, tanuri likipozwa kusafishwa. Miezi miwili imepita na hawajafika nusu. Juzi lilizima tena. Mzee alijaribu kwa mchoro ule wa nusu, akashindwa, akamwita.

Dada hamuulizi tena siku ya kufika. Mama ndiye huuliza kwenye simu.

"Tukimaliza, mama," humjibu.

"Mmalize nini, mwanangu?"

Hapo Mama Fyuzi humuuliza kama amekula, na kama nyonga bado inamuuma.