Kuni za Siku Arobaini na Mbili

Nundu ya Védastine ilikuwa na jina kama Mkristo mwingine yeyote. Iliota kando ya kidole gumba cha mguu wake wa kushoto, ikakua polepole kwa miaka ishirini, ikakisukuma kidole chenyewe mpaka kikalala juu ya wenzake kama mlevi aliyepewa lifti. Kabera, mume wake, aliiita Bucura, jina la kitinda mimba, kwa sababu ilikuja miaka mingi baada ya binti yao wa pekee, Emerance, na tangu ifike imedekezwa kuliko binti mwenyewe.

"Bucura ameamkaje?" aliuliza kila asubuhi.

"Amelia usiku muzima."

"Umupe maziwa basi."

Mpita njia pale kilimani Nkungu angedhani kuna mtoto mchanga ndani. Hakukuwa na mtoto. Emerance aliolewa zamani akahamia Kigali, na nyumba ilibaki na wazee wawili na mbuzi mmoja mwenye kiburi.

Utani ulikuwa utani, lakini mguu ulikuwa mguu. Viatu vya kanisani Kabera alikwisha kuvitoboa kwa wembe ili Bucura apate dirisha. Soksi ilikuwa adhabu. Shamba lao la kahawa lilikuwa kwenye mteremko mkali, na kila hatua ya kushuka ilimsukumia Védastine uzito wote kwenye kile kidole. Mwaka huu, mavuno yalipoanza, majirani walimwona akishuka kinyumenyume, kapu kichwani, kama gari linalotafuta maegesho. Walicheka. Kabera hakucheka. Siku ya pili yake alimpeleka hospitali.

Dokta Ingabire alikuwa mama kijana mwenye maneno machache. Aliuminya mguu huku na huku, akaangalia picha ya mfupa, akasema:

"Mama, mfupa huu haurudi wenyewe. Viatu vipana vitapunguza maumivu, havitanyoosha kidole. Kama unataka mguu mzuri wa kuonyesha watu, nenda nyumbani. Kama ni maumivu yanayokunyima shamba na usingizi, tunaweza kupasua."

Akaeleza. Wangekata mfupa, wangeusogeza mahali pake, wangeufunga kwa pini za chuma. Wiki mbili za kwanza alale na mguu juu ya mito, juu kuliko moyo. Nyuzi zikitolewa, angevaa kiatu kigumu na kukanyaga kwa kisigino tu, hatua za chooni na kurudi. Sehemu ya mbele ya mguu isiguse uzito mpaka wiki sita ziishe, maana mfupa ukiwa bado laini husogea. Shamba, miezi mitatu. Uvimbe ungeweza kukaa hata nusu mwaka. Na wengine, pamoja na taabu hiyo yote, nundu huwarudia.

"Siku arobaini na mbili," alimaliza, "mtu mwingine lazima awe miguu yako."

Kabera alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Huyo muntu anaruhusiwa kuwa mwanaume?"

Dokta alicheka. Védastine hakucheka, kwa sababu alikuwa amemwona huyo mwanaume akisimama mara mbili kwenye ngazi kumi za hospitali ili avute pumzi.

Walikaa kwenye benchi la nje, na neno lake la kwanza lilikuwa hapana.

"Weye mwenyewe uko unapumua kama baiskeli yenye tundu. Mi nikilala, nani atakuangalia?"

"Védastine, sikiliza."

Siku zote alimwita Maman Emerance. Aliposikia jina lake tupu, akageuka kumtazama.

"Dokta wa moyo aliniambia tangu Pasaka," Kabera alisema. "Moyo umechoka. Alisema nisipange mambo ya mwaka ujao."

"Tangu Pasaka! Na ulinyamaza?"

"Ulikuwa na mugonjwa wako, Bucura." Alingoja acheke. Alipoona hapati kitu, akaendelea polepole. "Miaka makumi tatu na nane umenipikia. Nimekuletea nini mi? Maneno tu. Nikishaenda, ukipasuliwa, nani atakuletea chai pale ulipolala? Emerance ana batoto na kazi. Najua, hautapasuliwa hata siku moja. Utashuka kinyumenyume mpaka kaburini. Niache nikutumikie wakati ningali na mikono."

Védastine aliitazama ile mikono. Ilikuwa imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye anayepaswa kumlaza na kumlisha. Lakini aliona wazi kuwa mume wake hakuwa anamwomba ruhusa ya kupumzika. Alikuwa anaomba kazi ya mwisho, na njia ya kumpa ilikuwa moja tu, yeye Védastine alale.

"Lakini maharagwe yako ni mabaya," alisema.

"Mabaya sana," Kabera alikubali, na uso wake ukang'aa.

Mwezi uliotangulia upasuaji alianza kukata kuni. Daktari wake alikuwa amemkataza panga, kwa hiyo alikata akiwa amekaa kwenye kigoda, vijiti vitatu, anapumzika, vijiti vitatu tena. Kila mzigo aliufunga kwa kamba ya mgomba na kuupanga nyuma ya nyumba, kutoka ukuta wa kulia kwenda kushoto. Mzigo mmoja, siku moja. Arobaini na mbili.

"Utakufa na hilo panga mukononi!" Védastine alimgombeza.

"Sikati, nabembeleza. Na nikichoka siku moja, kuni hazitachoka. Atakayekuja atachukua moja tu, maji yatachemka."

Siku ya upasuaji walimchoma Védastine sindano ya mgongo, miguu ikaenda zake. Alisikia nyundo ndogo ikigonga, akajua inagonga yeye, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti mpaka nesi akaitikia. Siku tatu baadaye gari lilimfikisha mwisho wa barabara, na kutoka hapo wanaume wa kilima wakampandisha kwa ingobyi, ile machela ya kusuka inayobebwa na wanne mabegani. Kabera alikuwa mbebaji wa kundi hilo tangu ujana wake, nafasi ya mbele kushoto. Amebeba wajawazito wenye uchungu, wagonjwa na walevi wawili waliodanganya kuwa wagonjwa. Siku hiyo alifuata nyuma, amebeba mkoba wa mke wake, anasimama kila kona.

"Ndayisaba!" alimpigia kelele rafiki yake aliyekuwa mbele kulia. "Polepole! Hiyo si gunia ya birayi!"

"Gunia ya birayi hainyamazi hivi," Ndayisaba alijibu. "Viazi vingekuwa vimelalamika."

Basi Védastine akalala, mguu juu ya mito mitatu, vidole vimechungulia kwenye bendeji, na hesabu ya siku ikaanza hapo. Na Kabera akapika. Maharagwe yaliungua siku ya kwanza, ya pili yakawa mawe, ya tatu akasahau chumvi akasema ni chakula cha hospitali. Alimwosha mgongo. Alifua vitenge vyake na kuvianika mbele ya nyumba, wanaume wakapita wakimcheka, naye akawauliza kama wanataka wao pia wafuliwe. Kila asubuhi alileta mzigo mmoja mlangoni, auonyeshe kwanza. Vilikuwa vijiti vinene kama kifundo cha mkono, vimekazwa barabara.

"Siku ya saba, Maman. Imebaki thelathini na tano."

Katika ndoa yao yote hawakuwahi kukaa chumba kimoja mchana kutwa bila mmoja kuwa na jembe. Walizungumza. Kabera alimsimulia utoto wake wa Bukavu, vitu alivyokwisha kumsimulia na vingine alivyokuwa ameficha. Siku ya kumi na nne nyuzi zilitolewa, akapewa kiatu kigumu, akajifunza kutembea kwa kisigino akishika ukuta. Kabera alimwangalia kama askari wa barabarani. "Kisigino! Kisigino, Maman! Mbele kumefungwa!"

Siku ya ishirini na nne, saa tisa mchana, Védastine alisikia harufu.

"Papa Emerance! Inaungua!"

Kimya. Alidhani ni mchezo. Akaita tena, akaongeza tusi dogo la mapenzi. Kisha akavaa kiatu, akaenda. Hatua kumi na mbili mpaka jikoni, kwa kisigino, mkono ukutani, kama alivyofundishwa. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, mwiko ungali mkononi. Sufuria ilikuwa inatoa moshi. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukimbia, na kila mara alisikia ile sauti: kisigino, Maman.

Walimzika kesho yake. Védastine alipelekwa kaburini kwa ingobyi, mguu umefungwa shuka. Nafasi ya mbele kushoto alisimama mtu mfupi kuliko Kabera, na machela iliinama upande ule njia nzima, kwenda na kurudi.

Jioni ya kwanza waombolezaji walikuja na kuni zao, wakawasha moto uani kama desturi. Jioni ya maziko walikuja wengi zaidi, na baridi ya kilima ikaja nao. Védastine alilala chumbani, mguu juu ya mito. Kupitia dirisha alimsikia Ndayisaba akisimulia habari ya walevi wawili waliobebwa, na watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo, machozi yakiingia masikioni. Moto ulikuwa mkubwa. Mwanga wake ulicheza ukutani.

Kisha akasikia kamba ya mgomba ikikatika. Tap. Alikuwa ameisikia sauti hiyo kila asubuhi kwa siku ishirini na nne. Tap, tena. Na tena.

"Emerance!"

Binti yake, aliyefika kutoka Kigali usiku uliopita, aliingia akijifuta macho.

"Hizo kuni zinatoka wapi?"

"Za nyuma ya nyumba, Maman. Za batu ziliisha, nikabaambia bachukue. Papa aliacha nyingi, zimefungwa vizuri."

"Zimebaki ngapi?"

"Sijui. Ndayisaba ameenda kuleta za mwisho."

Emerance hakujua. Hakuna aliyejua, ulikuwa mchezo wa wazee wawili, hesabu yao ya asubuhi. Védastine alifungua mdomo aeleze, na maelezo yakawa marefu mno. Siku kumi na nane za Kabera zilikuwa zinaungua kwa jioni moja, kwa heshima, huku watu wakimsifu.

Alishusha mguu. Kiatu kilikuwa chini ya kitanda, hakukitafuta. Alisimama kwa nyayo mbili.

"Maman! Muguu!"

Alitembea. Hatua ya tatu kitu ndani ya mguu kilimwambia kwamba kimesogea, akakielewa, akaendelea. Alipita mlango, akapita uani katikati ya watu waliompisha, akazunguka nyumba. Ndayisaba alikuwa anakuja na mzigo mmoja kwapani. Nyuma yake ukuta ulikuwa mtupu.

"Leta."

"Maman Emerance, uko unakanyaga!"

"Leta kuni yangu, Ndayisaba."

Akampa. Na mikono yake ilipoupokea, ikapanda juu yenyewe, kwa sababu ilikuwa imejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Mzigo ulikuwa mwepesi kama kiota. Huu ulikuwa wa mwisho kushoto, wa arobaini na mbili. Vijiti vyake vilikuwa vyembamba kama vidole, vingine vimevunjwa, havikukatwa, na kamba ilikuwa imefungwa mafundo matatu kwa sababu aliyefunga hakuwa na nguvu ya kukaza moja. Kila asubuhi Kabera alikuwa amemletea vijiti vinene vya siku zake nzuri, akamwonyesha mlangoni. Hivi angeviona nani, na lini? Alikuwa amevikata akiwa amekwisha kuisha, kabla hata ya yeye kupasuliwa, na bado akapika siku ishirini na nne.

Védastine alipowaeleza hesabu ya mizigo, Ndayisaba alikaa chini kwenye majani. "Nitakuletea muti muzima," alisema. "Nitakuletea miti kumi."

"Hamukukosa," Védastine alimwambia. "Batu walikuwa na baridi. Papa Emerance angeanza na ule muzigo munene." Kisha maumivu yakamfikia, wakambeba ndani.

Siku ya arobaini na mbili Emerance alimpeleka kwa Dokta Ingabire. Daktari aliitazama picha ya mfupa kwa muda mrefu.

"Umeunga. Lakini kidole kimeinama kidogo. Ulikanyaga?"

"Mara moja."

"Ulifuata nini, mama?"

"Kuni."

Dokta alitikisa kichwa. Akasema maumivu yangepungua, si yote. Akasema mwakani wangeweza kupasua tena, kunyoosha kilichobaki. Ni wiki sita tu.

Védastine aliutazama mguu wake. Nundu ilikuwa imeondoka, isipokuwa kivimbe kidogo kilichochungulia kando, kama mtu asiyejua kama msiba umekwisha.

"Mwache Bucura," alisema. "Nani atatupikia?"

Daktari hakujua Bucura ni nani, akaandika kwamba mgonjwa amekataa.

Jioni hiyo Védastine aliingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha Kabera. Alifungua mafundo matatu ya mzigo wa mwisho kwa kucha, moja moja, bila kukata kamba. Vijiti vilikuwa vyembamba mno kwa maharagwe. Vingeisha kabla maji hayajaanza kutoa povu. Vilitosha chai. Akateleka birika, akawasha, akavuta kiti kingine, akaweka mguu juu yake kama alivyoagizwa.