Feza Ndani ya Sinia

Mtaa mzima wa Ruashi ulijua kwamba Feza na kamera hawaivi chungu kimoja. Kwenye harusi, mpiga picha akitokea mlangoni, yeye alikuwa ameshafika uani, anakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Wanawe walimbembeleza, wakanuna, wakamvizia. Wapi! Alijifunika uso kwa kitenge na kuangua kicheko. Picha yake pekee ilikuwa ile ya kadi ya mpiga kura, nayo aliibeba kiunoni, kwenye fundo la kitenge, mpaka jasho likaufuta uso wote.

Basi alipofariki, mwezi wa tano, hakuacha hata picha moja.

Mumewe, Aboubakar, mfua shaba, hakulalamika mbele ya watu. Aliyeambiwa ukweli ni Wivine, mpiga picha, tena kwa bahati tu, asubuhi moja alipokuja na kompyuta yake kwenye karakana ya mzee huyo. Najma, binti wa nyumba, alikuwa amemwagiza ukurasa wa mtandao wa kuonyesha kazi za baba yake, na ilibaki picha moja tu ukamilike.

"Sauti yake niko nayo," mzee alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye nyundo. "'Papa Najma, kofia yako imelala upande.' Kila asubuhi minaisikia. Lakini sura, mutoto yangu, sura iko inaenda. Jana nilitafuta macho yake, sikupata. Miaka makumi tatu na munane tulikaa naye, na minaanza kumusahau."

Wivine si mtu wa maneno. Alisema, "Pole, Papa," kisha akainama kwenye kompyuta yake haraka, maana alihisi machozi yanamjia.

Picha iliyobaki ilikuwa ya sinia kubwa kuliko yote, lililofuliwa maua katikati na kuachwa laini pembeni. Lenyewe lilishaondoka na mfanyabiashara mmoja wa Kasomeno, mbali na mji, kwa hiyo hakuna namna ya kulipiga upya. Zilikuwepo picha tatu tu za mwezi wa tatu, na Wivine alikuwa amezitupia kwenye folda aliyoiita Mbovu. Kisa chake kilikuwa ugomvi. Siku ile alimwambia mzee waziwazi asilisugue sinia, kwa sababu shaba ikisuguliwa sana inageuka kioo na kumeza chumba kizima. Sasa jaribu kumwambia mfua shaba aonyeshe kazi yake bila kuisugua! Ni sawa na kumwambia bibi harusi atoke bila kuoga. Aboubakar alingoja Wivine ageuke kufunga kamera juu ya miguu yake mitatu, akachukua ndimu na chumvi, akasugua kwa moyo wote. Wivine alipogeuka alipandwa na hasira. Walirushiana maneno kama baba na binti, na nyuma yao mtu akacheka. Wivine akapiga picha tatu kwa kununa, akafunga mkoba, akaenda zake.

Leo ilibidi azifungue. Mzee akaweka nyundo chini, akavuta kigoda, akaketi karibu. Hakuwa na imani na hii kazi ya kubana picha, yaani kuipunguza uzito.

"Juu ya nini unaifinya?" aliuliza, akitaka sababu.

"Iko muzito, Papa. Hii ya brute, ile kamera inatoa yenyewe, iko na méga makumi tatu na ine. Na réseau yetu hii ya internet, ya polepole, muntu wa Kasomeno atangojea mpaka kesho. Inafaa nitoe ingine ya kidogo."

"Na ile ingine yote inaenda wapi?"

"Inatupwa. Machine inachagua bintu bile macho haitaona."

"Haitaona!" Mzee aliguna. "Nani aliiambia?"

Wivine alicheka, akaifungua picha ya kwanza. Ilikuwa mbaya kama alivyoikumbuka. Maua yalipendeza, lakini pembeni mwa sinia karakana nzima ilikuwa imelala ndani: dirisha, benchi, yeye mwenyewe na kamera yake, na nyuma yake mlango wa uani, mweusi tii. Picha ya kawaida ingeishia hapo. Picha ghafi, hiyo ya brute, ni nyingine. Inatunza kila chembe ya mwanga iliyoingia, hata ile ambayo jicho limeikatia tamaa. Akaanza kuvuta vivuli juu, kuzipa nuru sehemu za giza, polepole, aone kama ataweza kuisawazisha ile kona.

Mlango ukatoka kwenye weusi ukawa kahawia. Ikaonekana fremu ya mbao. Kisha ikaonekana rangi ya kitenge, manjano na buluu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Wivine aliondoa mkono kwenye kompyuta. Alijua kazi yake, miaka tisa alikuwa ameifanya, lakini hakuwahi kuona giza likimtoa mtu. Akakuza ile kona, akavuta vivuli tena kidogo. Mama mmoja alikuwa ameegemea mlango, kilemba kimelegea, mdomo wazi, anacheka.

"Papa," alisema kwa sauti ndogo. "Angalia hapa."

Aboubakar alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Kisha akatikisa kichwa, na mabega yake yakashuka.

"Haiko yeye. Feza alikuwa na alama nyeusi kwa shavu ya kushoto. Huyu iko nayo kwa kuume."

Wivine aliona aibu hata hakujua atazame wapi. Kumpa mzee wa watu tumaini, kisha kumnyang'anya! Aliunyoosha mkono kufunga picha, na mzee akaudaka.

"Attends, ngoja kwanza." Alikuwa anatazama sahani ya shaba iliyokuwa benchini, na uso wake mwenyewe ndani yake. "Shaba inageuza muntu. Minafanya hii kazi toka utoto, na minasahau! Geuza."

Wivine akaigeuza picha, kuume ikawa kushoto.

Mzee alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Njo yeye mwenyewe," alisema. "Oh, Mungu. Njo yeye. Iko anatucheka, mi na wewe, juu ya ndimu."

Ndipo Wivine akakumbuka kile kicheko cha siku ile. Alidhani ni jirani. Nje mtu alipita na toroli lenye kelele, na hakuna aliyegeuka kati yao.

Baadaye Wivine akaingiwa na wasiwasi, akauliza kama amwondoe, maana mama hakupenda kupigwa picha, na ukurasa ule utatazamwa na dunia nzima. Mzee alifikiri.

"Finya kwanza. Tuone machine yako."

Wivine akairudisha upande wake wa kwanza, akaibana. Kilobaiti mia mbili. Sinia lilitoka zuri ajabu, kila ua mahali pake. Akaikuza kona ya mlango: doa la kahawia, vipande viwili vitatu vya mraba, basi. Feza hayumo. Mashine ilikuwa imempima na kuona hakuna jicho litakalomtafuta. Wivine alitaka kuitukana.

Lakini Aboubakar alikuwa anatabasamu.

"Alikataa, na bado iko anakataa," alisema. "Iko muzuri vile. Bantu baone sinia. Kamera yako haikumuona, na machine haikumuona. Shaba yangu njo ilimuona. Ile ya muzito, uniachie mi."

Wivine akainakili kwenye flashi, ufunguo mdogo wa kuhifadhia picha, na mzee akaufunga ndani ya kitambaa laini anachofungia kazi zake bora. Kabla ya kuondoka, Wivine aliombwa aifungue tena, mara moja tu.

Feza akatokea mlangoni, anacheka. Mzee alimtazama machoni, akaendelea kumtazama. Kisha akainua mkono, akainyoosha kofia yake.