Shahidi wa Pili

Nilitaka neno la wifi yangu lifutwe. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Sikutaka lirekebishwe wala lihamishwe ukurasa. Nilitaka litoke kabisa katika kamusi, Nathalie ajue kwamba na yeye anakosea kama watu wengine.

Nathalie ni dada wa mume wangu, Laurent. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nyumba zetu zinatenganishwa na mstari wa mihogo na kamba ya kuanikia nguo. Alisoma mpaka darasa la nne tu, kwao milimani upande wa Fizi, akaachishwa. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa kabla ya vita kutuhamisha, na mpaka leo kuna watu wazima na ndevu zao sokoni Base Camp wanaoniita Madame Apolline na kunipisha njiani. Sasa niambie, kati yetu wawili, nani anafaa kuandika kamusi?

Kamusi yenyewe iko mtandaoni. Haina mwenyewe: yeyote mwenye simu anaingiza neno, na yeyote mwingine anaweza kulirekebisha. Mwaka jana walifungua sehemu ya Kibembe, lugha yetu, ambayo vijana wetu wengi wanaisikia mazikoni tu. Walihitaji watu wa kuijaza, na baadaye wangemchagua mwangalizi mmoja wa kupitia maneno ya wenzake. Uangalizi huo niliutaka. Nilikuwa nimeshajiona nao.

Mafunzo yalikuwa Mbarara, Jumamosi tatu, kwa Swaleha, mama mmoja Mwislamu mwenye duka la fotokopi na kompyuta sita, ambaye ni msimamizi wa kamusi hiyo kwa kujitolea. Kiswahili chake ni cha Uganda, kinakwenda moja kwa moja bila mapambo.

"Hapa kuna kanuni," alituambia siku ya kwanza. "Maana inakuwa fupi. Hapana sifia neno, hapana hubiri. Weka mfano, kitu watu wanasema kweli. Na neno kama haiko kwa kitabu, inataka mashahidi wawili. Kila mtu alisikia kwake, si huyu amefundisha yule."

Tulikuwa watu wanane. Niliandika kanuni zote kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Nathalie hakuwa na daftari. Alikaa tu, mikono mapajani, akitazama kioo cha kompyuta. Halafu akanyoosha kidole.

"Madame Swaleha, na kama mwenye alisemaka ile neno alishakufa? Ushahidi wake unaenda wapi?"

Swaleha aliweka kalamu chini. "Eh! Hiyo ndiyo swali ya mwangalizi," akasema, mbele ya watu wote. Akamjibu kwa dakika kumi nzima, wameinamiana kama ndugu waliopotezana.

Roho iliniuma. Siwezi kusema vingine. Nilishikwa na kijicho mpaka masikio yakaziba, na katika hizo dakika kumi Swaleha alieleza jambo jingine, kuhusu saini, ambalo mimi nililisikia nusu. Nilisikia kwamba kila mtu atie saini. Wapi, sikusikia, nilikuwa nahesabu mara ngapi Nathalie anatikisa kichwa.

Nani angenilaumu? Hapa kambini hupewi kipande cha sabuni bila kutia saini. Mahindi, saini. Mkeka, saini. Mkutano wa wazazi, saini mara mbili, ya kuingia na ya kutoka. Miaka kumi na moja nimejifunza kwamba kitu kisicho na jina langu pembeni atakichukua mwingine. Kwa hiyo nilipoanza kuingiza maneno, sitini na moja kwa wiki mbili, kila neno nililifunga vizuri: maana, mfano, na chini yake, "Apolline, mwalimu, Nakivale."

Wiki iliyofuata nikafungua kamusi nijitazame. Maneno yalikuwepo. Jina langu halikuwepo hata mahali pamoja. Nikabonyeza pale Swaleha alipotuonyesha, penye historia ya mabadiliko, ambapo kamusi huonyesha nani amegusa nini. Katika kila neno mstari wa juu ulikuwa uleule: limehaririwa na Nathalie.

Sikusoma zaidi. Nilichokiona kilinitosha.

"Dada yako ananiibia," nilimwambia Laurent.

"Anakuibia nini?"

"Maneno."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi ongea mingine, Mama Joël. Weye hayakuishiake." Na yeye alikuwa upande wake, bila shaka. Dada yake hata akipiga chafya, kwake ni wimbo.

Mwisho wa mwezi habari ikatoka kwa Swaleha, kwenye simu za watu wote wanane: mwangalizi wa sehemu ya Kibembe ni Nathalie. Nilimpelekea bakuli la maharagwe na pongezi. Maharagwe yalikuwa mazuri. Pongezi nilizisema nikitazama bakuli.

Siku tatu baadaye akaingiza lile neno.

Kwao milimani, bibi harusi alipofika, mama mkwe alichukua kaa la moto jikoni kwake, akaliweka juu ya kigae, na bibi harusi akalibeba mpaka jikoni kwake mwenyewe awashie moto wa kwanza. Kaa hilo lilikuwa na jina lake. Sitaliandika hapa, anayelitaka alitafute. Nathalie alilieleza kwa mstari mmoja, bila kusifia wala kuhubiri, na mfano wake ulikuwa maneno ambayo mama yake aliwahi kuyasema.

Kwa kuwa halimo kitabuni, Swaleha akaweka juu ya ukurasa tangazo jekundu: neno hili lina shahidi mmoja; asipopatikana wa pili katika siku saba, litafutwa.

Angepatikana wapi? Kijiji chao kilitawanyika, wengine Tanzania, wengine Mungu ndiye ajuaye. Laurent hajui kitu, maana siku hiyo wanaume hukaa nje. Mama yao alizikwa kabla hatujavuka mpaka. Alibaki mtu mmoja aliyelisikia kwa masikio yake, na mtu huyo ni mimi. Mimi ni wa ziwani, desturi hiyo kwetu haikuwepo. Lakini nilipoolewa mama mkwe alinishikisha kigae, akalitaja jina la lile kaa, akalirudia mara ya pili nisije nikalisahau. Vidole viliniungua. Sijalisahau.

Nikaingia ukurasa wa majadiliano, penye kutolea ushahidi, nikaandika: "Nimeolewa katika ukoo huo na nimefundisha shule miaka kumi na tisa. Neno hili sijalisikia kamwe." Nikatia saini. Kumbe hapo ndipo saini ilipotakiwa tangu mwanzo, si chini ya maana ya neno. Kamusi iliipokea, ikaongeza yenyewe tarehe na saa.

Nililala vizuri. Na hilo nalisema mapema.

Siku ya sita asubuhi Nathalie alikuja kuomba moto, kama anavyofanya kila kiberiti kinapomwishia. Alishika kifuniko cha zamani cha sufuria. Nilijua ameshasoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nayo tayari.

"Mama Joël, niliona yenye uliandika," akasema.

"Niliandika ninachojua."

"Ndiyo." Akachutama karibu na jiko langu. "Miye nilifikiri ulilipokeaka. Lakini sikukuwako siku ile, nilikuwa mujini Baraka, kwa tante, shangazi yetu. Usiku mingi naliwaza. Nasema, pengine Mama hakulisemaka. Pengine ni miye nililiota tu, kwa kumutamani. Kuko vitu mingi vyake sikumbuke tena. Hata sauti."

Hakuwa analaumu. Aliniamini. Mimi ni Madame, nina miaka yangu kumi na tisa. Kama nimesema neno halipo, basi ni kumbukumbu yake yeye iliyooza. Nikamwekea kaa moja kwenye kifuniko, akashukuru, akaondoka akilipuliza.

Siku nzima sikukaa chini. Nilipalilia mahali nilipokwishapalilia. Saa tisa alasiri nikachukua simu nikafungua historia ya maneno yangu, safari hii nikaisoma mpaka mwisho wa mstari, kama nilivyowalazimisha watoto wa watu kusoma. Kila alipotoa jina langu, Nathalie alikuwa ameandika sababu: "Neno ni la kweli, nalithibitisha. Jina limetolewa kwa kufuata kanuni, neno lisifutwe." Hakuwa ameandika mara moja na kunakili. Mahali pengine alikosea herufi, pengine aliongeza, "Huyu ni mwalimu, anajua." Mara sitini na moja, kwa ile simu yake yenye kioo kilichopasuka, ambayo anaichaji kwa jirani.

Chini kabisa Swaleha alikuwa amemuuliza kwa nini asiyaache maneno yenye saini yafutwe, mwenyewe ajifunze. Nathalie akajibu: "Atasikia haya."

Nikampigia Swaleha.

"Nilikosea kwenye ushahidi," nikamwambia. "Naomba ufute yale niliyoandika."

"Mama, majadiliano hatufuti."

"Ni mistari miwili tu."

"Hata moja. Tukianza futa, kesho nani ataamini shahidi? Yako inakaa. Wewe andika chini yake, sema neno ulisikia wapi, kwa nani, siku gani. Halafu weka jina."

"Watu wataona nilidanganya."

Nilisikia mashine ya fotokopi ikifanya kazi. "Ndiyo, wataona," akasema. "Tangazo inaisha kesho saa nne."

Miezi mizima nilitaka jina langu lionekane katika kamusi hiyo. Sasa lilikuwepo, mahali ambapo hata mkono wa Nathalie hauwezi kulitoa. Niliandika na kufuta mara nne. Mara ya kwanza niliandika kwamba nilikuwa nimesahau, na hiyo ilikuwa rahisi, hata Nathalie angeikubali. Nikaifuta. Mwishowe nikaandika: "Niliyoyasema hapo juu ni uongo. Neno hili nililisikia siku nilipoolewa, kutoka kwa mama yake Nathalie. Alinipa kaa juu ya kigae cha chungu cheusi, akasema jina lake mara mbili. Nililijua siku zote." Nikatia saini.

Usiulize kama kijicho kilikwisha. Kesho yake tangazo jekundu lilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba aliyelitoa ni mwangalizi, Nathalie, na kikanichoma palepale pa zamani.

Nathalie alikuja na kifuniko chake. Nilikuwa nimechutama mbele ya jiko, sikumtazama. Alichutama karibu nami, kifuniko magotini.

"Alilisema namna gani?" akauliza. "Sauti yake."

"Taratibu," nikasema. "Kama mtu anayemwambia mtoto asimwage kitu. Halafu mara ya pili akacheka, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka."

Akatikisa kichwa, macho yakiwa motoni. Nathalie aliolewa hapahapa kambini na mwanaume asiye na mama, akawasha moto wake wa kwanza kwa kiberiti cha duka. Nililijua hilo miaka yote. Sikuwahi kuliwaza hata mara moja.

"Nilikuwa nakuonea wivu," nikamwambia. "Bado ninao."

"Weye?" Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona uso wake una hasira. "Weye unionee miye wivu? Miye Mama alinipatiaka neno tu. Moto alikupatiaka weye."

Akanyoosha kifuniko. Nikachagua kaa zuri kuliko yote jikoni, nikaliweka pale juu, nikamtajia jina lake, taratibu. Halafu nikarudia mara ya pili.