Pemba Nyeupe

Choo kilinigomea wiki nzima, na mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Mama mkwe akaja Nyahanga kutoka Samuye na chupa ya dawa ya mizizi ya kuharisha.

"Vidonge vya damu vya kliniki ndivyo vinakufunga. Vitupe, unywe hii."

Mwenye tumbo ni mimi, lakini nani ananisikiliza? Nikamburuta kliniki. Nesi akamwamkia shikamoo, kisha akasema bila kumung'unya maneno: mizizi hiyo hapana, yaweza kunidhuru mimi na mtoto. Vidonge niendelee navyo hata kama vinakausha choo. Ninywe maji, nile mboga, na nikizidiwa nirudi anipe dawa inayofaa wajawazito.

"Na udongo, unakula?"

"Pemba?" Mama mkwe alicheka. "Hiyo ni hamu tu. Mimi ndiye ninayemletea."

"Basi mama, hiyo nayo inamfunga, na inammalizia damu."

Tulipotoka, akaificha chupa yake ndani ya kanga. Nikajua hatimaye kaelewa. Tulipofika sokoni, akainama kwenye meza ya pemba.

"Nipe nyeupe," alimwambia muuzaji. "Kumbe hizi nyekundu ndizo zinafunga."

Nilifungua kinywa nimfokee, kikajaa mate.