Wamekubali Kwamba Nyumba Haifai

Majirani walikuwa wakiuza na kuondoka mmoja mmoja, na kila mwaka Domitila Arredondo aliuogopa mwezi wa Aprili, kwa kuwa ndipo tathmini ya nyumba, inayopanga kiwango cha kodi, inapotolewa mjini Austin, Texas. Safari hii kodi ilipanda kupita uwezo wake, yeye mpishi wa shule, eti kwa sababu pembeni yao pameota nyumba mbili za ghorofa zenye madirisha meusi.

"Nakata rufaa," alimwambia mumewe. "Waione hali halisi."

Chema ndiye aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, miaka mingi kabla ya kuanguka kutoka kwenye paa la nyumba ya watu aliyokuwa akiijenga na kuumia mgongo. Akawa anamtazama mkewe akizunguka na simu, akipiga picha nyufa, sakafu iliyobonyea, dari lenye madoa ya mvua.

"Hata bafu, Domi? Bafu limekukosea nini?"

"Vigae vimekaa upande, mzee. Usijifanye huoni."

"Nilivipanga ukiwa na mimba ya mtoto wetu Nieves. Nani alikuwa ananiharakisha?"

Domitila akacheka, akapiga picha.

Siku ya rufaa Chema alivaa shati lake la kanisani. Mbele ya wajumbe watatu wa bodi ya rufaa, Domitila aliiponda nyumba yake bila huruma. Ukuta unaachana na paa. Mlango wa jikoni haufungi. Nyaya za umeme zimefungwa na mtu asiye fundi. Hapo Chema akakohoa.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alizipitia picha, akanong'onezana na wenzake.

"Mama Arredondo, tumekubaliana nawe. Nyumba hii haina thamani. Tunaifuta kwenye hesabu."

Domitila akaushika mkono wa mumewe. "Kwa hiyo kodi inashuka?"

"Kidogo sana, mama. Chenye bei pale ni kiwanja. Yeyote atakayenunua ataibomoa tu."

Walipoingia kwenye gari, Chema hakuwasha injini.

"Umeshinda, mke wangu."

"Chema, yale yalikuwa maneno ya mle ndani tu."

"Mbona wameyakubali?"

Mvua za Mei zilipokuja, Chema hakupanda ngazi kuziba paa kama alivyozoea, hata na mgongo wake mbovu. Maji yalidondoka sebuleni naye ameketi anayatazama.

"Si uzibe, jamani!"

"Nizibe nini? Kiwanja hakivuji."

Chema mwenyewe ndiye aliyempigia simu mnunuzi wa viwanja, bila kushauriana na mkewe. Domitila alipojua hakugomba. Kodi ya mwaka ule bado ilikuwa inawasubiri.

Waliuza, na siku hizi wamepanga nyumba ya bati huko Bastrop, mji mdogo nje ya Austin. Jioni nyingine Domitila hujaribu kusema kwamba nyumba yao ilikuwa imara, tena nzuri, kwamba aliipenda. Chema huongeza sauti ya televisheni.