Utumbo wa Maji Saba

Majirani walimwita Mama Maji Saba, kwa sababu utumbo ukiingia jikoni kwake haupandi motoni mpaka uoshwe mara saba. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye maji ya nne, na kichefuchefu kilichomkaba hakikutokana na utumbo.

Kilitokana na mgeni. Dereva wa lori, aliyekuwa mumewe, alikuwa anakuja kula mchana na kuomba warudiane, miaka mitatu tangu ahamie kwa mwanamke mwingine. Shangazi ndiye aliyepanga yote, tena utumbo wenyewe kaununua yeye, kwa kuwa Dereva anaupenda. "Kuteleza si kuanguka, mwanangu," alimwambia. Kuteleza gani huko, mtu anateleza miaka mitatu na sanduku la nguo mkononi?

Hata hivyo Mama Maji Saba alishakata shauri. Dereva akitamka neno moja tu, nimekukosea, atamrudia. Nyumba ilikuwa kimya mno, na upweke nao una meno.

Akamwaga maji, akatia mengine, akaendelea kukwangua utando mweusi kwa kisu. Alimkumbuka Kinyozi, mpenzi wake wa kwanza, aliyekuwa akikata kucha za miguu kwenye meza ya chakula huku akimwita malaika. Naye malaika akazifagia bila kununa. Akamkumbuka Karani, aliyetumia mswaki wake bila kuomba, na akiulizwa anajibu kwamba wapendanao ni mwili mmoja. Mwili mmoja, ila meno mabovu yalikuwa ya Karani peke yake. Na huyu Dereva je? Enzi zile akiwa safarini, yeye mkewe alilala amekumbatia shati lake chafu, jasho la siku nne, akalinusa kama marashi. Mama Maji Saba akatema mate kwenye sinki. Aliwachukia wote watatu, lakini aliyemtia kinyaa zaidi ni yule mwanamke aliyekuwa akinusa. Watu husema mapenzi hupofusha macho; hakuna aliyemwonya kwamba na pua huziba.

Utumbo ulikuwa umeiva Dereva alipoingia jikoni moja kwa moja, bila hodi, Shangazi nyuma yake. Amenyoa ndevu, kitambi kimemtangulia. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, kisha akafunua sufuria na kuvuta pumzi macho yamefumba.

"Harufu hii nimeitamani siku nyingi," alisema. "Yule mwenzako hajui kuosha utumbo. Ukiula, unanuka mpaka kesho yake. Nikasema basi, narudi kwangu."

Shangazi akatabasamu, akidhani hiyo ni sifa. Mama Maji Saba alikuwa bado anangoja lile neno, na moyo ulimdunda kama wa msichana, jambo ambalo nalo lilimuudhi.

Dereva akauliza kama kuna pilipili.

Mama Maji Saba akazima jiko. Akanawa mikono kwa sabuni, polepole, mpaka kwenye viwiko, akajifuta.

"Shangazi, mpakulie ashibe," alisema. "Akimaliza, nitamwelekeza namna ya kuosha, akamfundishe mkewe."

Dereva alicheka, akamgeukia Shangazi, akaona hana wa kucheka naye.