Vipande Vinne vya Burma

…mzito, hilo sikatai, mzito kushinda mvule, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unajibu kavu, mti ulioiva huu, lakini eti wa Burma, Burma gani bwana, mimi nimekereza miti tangu kabla ya Uhuru, hakuna aliyenifundisha, keezo langu la kukanyaga kwa mguu nililiunda mwenyewe, na mti haupandi juu yake kabla haujaniambia jina lake, "Haya fundi, utaukodolea macho mpaka mvua iishe?" anasema Gulled kutoka nyuma ya magunia yake ya chumvi, hana ubaya huyu Msomali, amefika Keroka juzijuzi tu, ananunua chochote kinacholetwa mlangoni pa duka lake, na Onyancha mshonaji pale barazani hata hainui macho kwenye cherehani, "Mwache, Gulled, huyo hata mke alimgongagonga bega kwanza asikie kama amekauka," cheka, cheka, suruali zako zinapasuka kabla mtu hajafika Nyamache… Padri wa Mosocho anataka vinara vinne vya mishumaa ya altare, mti usio wa hapa, alisema, ambao watu wakiutazama hawatakumbuka kuni, na hapa viko vipande vinne, urefu wa kiwiko mpaka vidole na zaidi kidogo, vimerandwa pande zote, vyeusi, vinang'aa, kana kwamba mtu alisikia shida yangu akanipimia, ndiyo maana moyo haukubali, natema mate kidoleni, nasugua, kidole kinarudi cheusi, ee, rangi ya viatu, mtu kapaka mti rangi ya viatu, nachomoa kisu, nakwangua kidogo tu, chini ya weusi kuna wekundu uliofifia kama ulimi wa ndama, nyuzi zimebanana hata hazionekani… mpera, Mungu wangu, huu ni mpera, mpera ambao kila boma huku kwetu linao, watoto wanapanda na kuvunjika mikono, ndio kauziwa huyu mgeni wa watu kama mti wa Burma, damu imeshanipanda, maana kitu ninachochukia chini ya jua hili ni mtu anayepaka kitu rangi akakiita kingine, mimi kiti changu kikiwa na ufa nakuonyesha ufa kabla hujatia mkono mfukoni, nafungua mdomo niseme mwizi, yeyote awaye, nageuza kipande nimwonyeshe Gulled kichwa chake, na pale… matundu matatu. Matatu, na mahali pa la nne patupu. Chuma cha keezo langu, kile kinachouma mti usiteleze, kina meno manne, nilikichonga kutoka jembe la ng'ombe lililovunjika, jino moja likakatika mwaka ule wa mafuriko, sikulirudisha, kilikuwa kinashika, kwa hiyo kila mguu wa kiti au wa kitanda uliotoka kwangu una matundu matatu kichwani, hakuna mwingine kutoka hapa mpaka Kisii mjini, na mpera, mpera nimekata mmoja tu maishani, ule wa nyuma ya jiko la mama, nikakereza miguu minne ya kitanda cha Ogari, kifungua mimba wangu, alipomleta mkewe Mokeira nyumbani, nikakibeba kitanda mpaka mlangoni kwake nikakiacha hapo, wengine wakakiingiza, maana kwetu ni mwiko baba kuingia nyumba ya mwana aliyeoa, hata ikiwaka moto unapiga kelele ukiwa nje, na kitanda chake akishakilalia na mkewe mkono wangu haukigusi tena mpaka nife, nami nimekishika, mikono yote miwili, mchana, dukani, nataka kukiweka chini na vidole havifunguki… na mikato yangu yote ya urembo, zile shingo, zile shanga, Ogari ameiranda ikaisha… sasa wanalala wapi? Nilimwona Mokeira na yale majani makavu ya migomba, mzigo mzima kichwani, nikamwuliza kutoka ng'ambo ya ua, ya nini hayo mama, ya mbuzi, baba, akitazama chini, na mbuzi hawana, nilijua hawana, nikaendelea na kazi, na mtoto wao anavyokohoa kila asubuhi, nikasema ni baridi ya mwezi wa saba, itapita… "Aliyekuletea," nasema, "alikuwa mtu gani?" "Kijana wa heshima kabisa. Anasema mbao hizi zilitoka vitani Burma, zilikuwa mali ya marehemu babake. Machozi yalimlengalenga, wallahi, mimi mwenyewe nilimpa pole." Marehemu… mimi sijavuka Kisumu, Burma nitaionea wapi, na marehemu… siku ile mbele ya mkewe, Ogari aliposema keezo limekula miguu yako, baba, halitakula yangu, mimi nitapanda chai, nikamwambia basi tangu leo huna baba, katafute mwingine, mimi mtu wa neno moja, hakujibu vibaya, alisema tu, nimesikia, tata, neno letu la baba, akaenda, na mvua ya mawe ilipoiangusha ile chai yake yote alikuja akasimama langoni kwangu, nilimwona, niliendelea kukanyaga keezo, mkanda unalia, nikawa kama sijaona, mpaka akaondoka… Burma ni uongo, rangi ya viatu ni uongo, lakini hilo la tatu, la marehemu, hakulitunga, hilo lilitoka kinywani mwangu, yeye amelirudia tu kama nilivyompa. "Sasa ni mti gani, fundi?" na cherehani ya Onyancha imenyamaza, anasikiliza, nikisema mpera kesho Keroka nzima itajua mwana wangu, mwana wa Machogu, ameuza kitanda cha mkewe, na mdomo wangu huu, usiojua kupaka kitu rangi, unajifunza polepole kusema Burma, ni za Burma, bwana, nazijua, halafu nitazilipia nizibebe, hazitakuwa vinara, Padri atanisamehe au asinisamehe, nitazibeba mpaka pale mlangoni kwa Ogari nizilaze chini, nisimame nje, nipige hodi, lakini akitoka akauliza ni nani, nitasema ni nani, marehemu hupigaje hodi… "Fundi?" anasema Gulled, na mvua bado inapiga mabati, "fundi, unanisikia?"